Mgeni wa Saa Nne

Kwa siku ishirini na mbili Elieneza Mgonja hakuwa ameguna hata mara moja, na mkewe Namkunda alikuwa ameanza kuuogopa ukimya huo.

Kabla ya hapo nyumba yao ilisikika hadi barabarani. Saratani ilianzia kwenye nyonga, ikapanda uti wa mgongo pingili kwa pingili, na mwezi wa Machi kiharusi kikaja kumalizia. Kikamchukua ulimi na upande wote wa kushoto, pamoja na sehemu ya akili ambayo hakuna aliyejua ni kubwa kiasi gani. Mkono wa kulia ulibaki, lakini ulikuwa kama wa mtoto mchanga: ulishika chochote ulichopewa, kiwe kidole, kijiko au pindo la shuka. Ukimuuliza jambo, hakuna jibu ambalo ungeweza kuliamini.

Ndipo zahanati ikamletea punje. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu, lakini watu wa kijiji chao cha Kwesanga, kama watu wa milima yote ya Upare, waliiita hivyo kwa sababu ilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Iliingizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, ikapeleka nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui hadi ndani ya ubongo, na huko ikakaa macho. Maumivu yalipoanza kuchipuka, iliyazima kabla mwenyewe hajayajua. Wazee ambao zamani wangekufa wakilia, sasa walikufa wamelala. Siku punje ilipowashwa Namkunda alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu kwa ajili ya watu waliokibuni kitu kile, ambao hakuwajua hata kwa majina.

Kila Jumanne alipanda mtaalamu kuja kuikagua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mwanaidi Msangi, mwenye sauti ya chini, na viatu vyake havikukauka tope msimu mzima.

"Shikamoo mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Yupo. Hasemi, haumwi. Yupo."

Mwanaidi akakiweka kisanduku chake kwenye kiti, akakiwasha. Kwenye kioo ikatokea mistari miwili, wa kijani na wa bluu. Wa kijani ulionyesha kila kilichoanza kupanda kichwani mwa mzee, wa bluu ulionyesha kila kilichozimwa. Kwa kawaida alitupia macho, akaandika, akaaga. Siku hiyo alikaa muda mrefu, akarudisha picha nyuma, akarudisha tena.

"Mama Nambike, saa nne asubuhi huwa unamfanyia nini?"

"Saa nne? Hakuna. Nakuwa nimeshamwogesha, ameshapata uji. Mimi niko jikoni."

"Kila siku, saa nne, kuna wimbi linapanda. Si la maumivu. Linaanzia jirani kabisa na maumivu, ukuta kwa ukuta, ila umbo lake ni jingine. Punje haijui tofauti. Ikiona kitu kinapanda upande ule, inakizima. Siku ishirini na mbili, mara ishirini na mbili."

Namkunda akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. Mara kadhaa, saa hizo, alikuwa amechungulia akaona midomo ya mumewe inacheza, kisha inakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Kinadumu muda gani?" akauliza.

"Punje inakiwahi ndani ya sekunde tatu. Kingeachwa, sijui."

"Dakika saba," Namkunda akasema. "Siku nyingine kumi."

*

Alimsimulia jikoni, makande yakichemka. Hakuwahi kumsimulia mtu, na mwanzoni maneno yalitoka kwa shida.

Miaka kumi na minane iliyopita Elieneza alikuwa fundi wa maji wa kijiji. Yeye ndiye aliyeangalia mabomba yaliyotoka msituni, na chemchemi zilipodhoofika, ndiye aliyefundisha vijana kutandaza nyavu za kuvuna ukungu kule juu mgongoni mwa mlima. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Asubuhi moja, akiwa peke yake anakaza kiungo cha bomba, kuna mtu alikuja akamwegemea.

"Hakuona kitu," Namkunda alisema. "Hakusikia sauti. Alirudi nyumbani amekunja uso. Akaniambia, 'Namkunda, nilidhani Mungu akija atakuja na radi. Amekuja amechoka. Ameniegemea hapa ubavuni kama mtu aliyetembea kutoka mbali, hakusema neno, kisha akaondoka.'"

"Wewe ukasemaje?"

"Nikampikia uji wa tangawizi. Nilidhani ana homa."

Mwanaidi akacheka kidogo, Namkunda naye akacheka.

Kesho yake yule mgeni alikuja tena, na keshokutwa. Elieneza akaacha kuomba kama watu wanavyoomba. Ikifika saa nne aliweka chini chochote alichoshika, akakaa, akasema, "Karibu, kaa," basi. Mwaka huo mvua zilichelewa, na kwenye kikao cha wazee akaombwa aongoze sala ya mvua. Akasimama akasema hawezi. Akasema Mungu ana watu wengi mno wanaomwagiza, na mgeni aliyechoka hatumwi kuchota maji. Wakamsihi, wakamkemea, mwishowe wakamvua uzee na kumtenga na meza ya Bwana.

"Miaka kumi na minane mimi naenda kanisani, yeye anabaki. Tunakula pamoja, tunalala pamoja, tunasali kila mtu kivyake. Nilikuwa naona aibu." Akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Na wivu, mwanangu. Hilo sijamwambia hata yeye. Nimepiga magoti tangu nikiwa binti, nami sijawahi kusikia kitu chochote zaidi ya sakafu. Yeye amekaza bomba tu."

Mwanaidi alifikiri kabla ya kusema, kwa kuwa alijua kwamba akishasema hataweza kuyarudisha maneno yake.

"Naweza kuizima punje kwa nusu saa. Lakini ikizimwa, imezimwa yote. Maumivu yatarudi pamoja na hilo jingine, hakuna namna ya kuvitenganisha. Na mwili wake umechakaa, mama. Kila nusu saa ya maumivu inaweza kumpunguzia siku. Yeye hawezi kuamua. Sheria inakupa wewe uamuzi."

"Kwa hiyo unaniambia nichague. Aumie akiwa na Mungu wake, au apumzike bila yeye."

"Sijui kama ni Mungu. Mimi ni fundi wa nyaya."

"Na mimi sijui," Namkunda alisema. "Nimeishi naye miaka arobaini na sita, na sijui."

*

Jumatano alikuja Mchungaji Senkoro. Hakuwa miongoni mwa waliomtenga Elieneza. Wakati ule alikuwa bado shuleni. Alikuwa mtu mpole, na kila wiki alikuja kumsomea mgonjwa zaburi bila kuombwa. Namkunda alimweleza yote, akitumaini moyoni kwamba atamkataza, ili mzigo umtoke.

Mchungaji alimtazama mzee aliyelala, uso wake laini kama wa mtu aliyeshiba.

"Mama Nambike, huyu baba amepata raha baada ya mateso ya mwaka mzima. Unataka kumrudisha mle?"

"Sitaki. Nauliza."

"Basi na mimi nikuulize. Kama huyo anayemjia ni Mungu kweli, atashindwa na kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele?"

Mchungaji akasali, akaaga, Namkunda akamsindikiza hadi kwenye mteremko wa mashamba ya tangawizi. Walikuwa wameshaagana aliposema:

"Mchungaji. Wewe umekuja leo, umepiga hodi. Kama nisingeitika ungefanyaje?"

"Ningerudi. Ningekuja siku nyingine."

"Usingeuvunja mlango."

"Siwezi kuvunja mlango wa mtu."

"Na si kwamba unashindwa na ubao," Namkunda akasema.

Mchungaji akasimama. Kisha akasema taratibu, "Sijasema ufanye, mama. Lakini kesho nitakuwa nakuombea."

*

Alhamisi haikuwa siku ya Mwanaidi, lakini alipanda. Mbali na kisanduku alibeba ukanda wa kichwani, ule wa walezi. Kila aliyemuuguza mtu mwenye punje aliruhusiwa kuuvaa: ulimpa sehemu moja ya kumi ya anachokisikia mgonjwa, ili ajifunze kumgeuza na kumnyanyua kwa upole.

"Sikulazimishi," alisema. "Nimeuleta tu."

Saa nne kasoro robo akaizima punje.

Kwanza zilianza kope. Zikatetemeka. Kisha uso wote ukajikusanya, na mguno ukatoka, mguno ambao Namkunda alikuwa amesahau unatoka kina gani. Elieneza alikibana kidole cha mkewe hadi kikakosa damu. Ukaja mwingine, na mwingine, mpaka Namkunda akapiga kelele:

"Washa! Iwashe!"

Mwanaidi akanyoosha mkono.

"Hapana. Ngoja. Nipe huo ukanda."

Akauvaa. Sehemu moja ya kumi ilitosha kumpigisha magoti. Ilikuwa kama jino bovu lililoota ndani ya nyonga, na jino hilo lilikuwa na mizizi hadi shingoni. Papo hapo akaelewa kwamba kwa miezi yote ile alikuwa akimgeuza kwa upande usiofaa, akaona aibu, akataka kumwomba radhi.

Kisha, bila mlango kufunguliwa, pakawa na mtu.

Namkunda hakuona kitu, wala hakusikia sauti. Ulikuja uzito upande wa kushoto, upande ule uliokufa kwa kiharusi, uzito kamili, kama mtoto aliyecheza kutwa akaja kukuangukia bila kuuliza kama una nafasi. Maumivu hayakuondoka hata kidogo. Yaliendelea palepale, ila sasa kulikuwa na mwingine ndani yake. Na chini ya yote hayo akamsikia mumewe, akamtambua kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi chake gizani. Alitarajia kumsikia akiomba: niponye, nichukue, nipunguzie. Nani angemlaumu? Lakini Elieneza hakuomba kitu. Alikuwa anasogea. Katika mateso yale yote alikuwa anajisogeza, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Ilidumu dakika sita. Uzito ukaondoka jinsi ulivyokuja. Mwanaidi akaiwasha punje, na uso wa mzee ukalainika.

Namkunda alibaki chini, akilia bila kujificha.

"Ni nani, mama?" Mwanaidi alinong'ona.

"Si Mungu niliyefundishwa." Akauvua ukanda, akaukunja vizuri kama anavyokunja nguo za ibada. "Lakini si shetani. Hilo naapa hata mbele ya baraza zima la wazee."

Baada ya muda akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejicheka: "Na hakuja kwangu. Nimemsikia tu, kama unavyomsikia mgeni wa jirani."

Mwanaidi alipaswa kumwandikia daktari sababu ya kuizima punje. Fomu ilikuwa na sababu kumi na moja: mzio, homa, hitilafu ya nyaya na kadhalika. Mwishoni kulikuwa na nafasi ya maelezo mengine.

"Niandike nini?"

"Andika ana mgeni."

Akaandika hivyohivyo. Daktari aliuliza mara mbili, akapiga simu, akazungumza na Namkunda robo saa nzima, akamweleza hatari moja baada ya nyingine. Mwishowe akaidhinisha nusu saa kwa siku, na akamwambia Mwanaidi kwamba lolote likitokea, jina lililopo kwenye fomu ni lake yeye aliyeijaza.

*

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Namkunda alifunga mlango wa mbele, akakaa kando ya kitanda, na Mwanaidi, ambaye sasa alilala kwa shangazi yake hapo kijijini, akaizima punje. Ukanda hakuuvaa tena. "Mgeni ni wake," alisema. Alijifunza kuiona dakika yenyewe kwa macho: mguno ulibadilika, midomo ikaanza kucheza, na safari hii hakuna kitu kilichoikata.

Mwili ulilipa. Kufikia siku ya sita Elieneza hakumeza uji tena, ni maji ya kijiko tu.

Siku ya tisa mgeni hakuja.

Zikapita dakika kumi. Elieneza aliguna, jasho likamtiririka hadi kwenye mto. Zikapita ishirini. Midomo haikucheza. Mstari wa kijani ulikuwa wa maumivu matupu, na Namkunda hakuhitaji kuuona kujua. Moyo wake ukajaa hofu ya aina ambayo hakuwahi kuijua. Je, kama hatakuja tena? Je, kama siku zote zile ilikuwa ni nyaya tu za kichwa cha mgonjwa, na yeye, kwa wivu wake, kwa hamu yake ya kuona, amemtesa mtu aliyempenda kuliko wote?

"Niwashe, mama?" Mwanaidi aliuliza.

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

Namkunda alikuwa amechoka. Miezi kumi na minne ya kugeuza, kuogesha, kufua, kusonga, kukesha. Alikuwa amechoka hadi kwenye meno. Tangu ugonjwa uanze hakuwahi kuweka kichwa chake juu ya mumewe, akihofia mifupa yake. Sasa hakupanga kitu. Aliinama tu, polepole, akakilaza kichwa kwenye bega la kushoto, akauachia uzito wake wote. Hakusema neno.

Mguno ulisita.

Mkono ule wa kulia, uliokuwa ukishika tu kile ulichopewa, haukuwa umepewa kitu. Uliinuka wenyewe kutoka kwenye shuka. Ukapita juu ya kifua, ukitetemeka, kwa safari ndefu kama ya kupanda mlima, ukafika kwenye nywele zake nyeupe. Ukatulia hapo.

Mwanaidi akatazama kioo.

"Mama..."

"Usiniambie."

"Lakini mstari wa..."

"Usiniambie, mwanangu. Kama amekuja, amekuja. Na kama ni mimi, basi ni mimi. Acha dakika ziishe."

Mwanaidi akakigeuzia kioo ukutani, wakakaa hivyo watatu mpaka nusu saa ikatimia.

*

Elieneza Mgonja alifariki Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, punje ikiwa kazini, bila mguno wala mgeni ambaye mtu angeweza kumwona. Namkunda alikuwa nje anaanua nguo. Aliporudi alijua kabla hajafika kitandani.

Jioni ileile Mchungaji Senkoro alikuja kutoka kwenye kikao cha wazee, amevunjika moyo. Wazee walikuwa tayari kumrudisha marehemu kwenye kitabu cha kanisa na kumzika kwa ibada kamili, endapo mjane atashuhudia kwamba mwishoni alitubu, hata kama ni kwa kuminya mkono wa mtu.

"Mkono ule ulishika kila kitu, Mchungaji," Namkunda alisema. "Ungeshika hata nyoka. Siwezi kumsemea uongo baada ya miaka kumi na minane ya kumkatalia ukweli wake."



"Basi nitamzika mimi," Mchungaji alisema. "Watakachoniuliza, nitajibu."

Na alimzika, Jumatatu asubuhi, kukiwa na ukungu mwingi. Watu walikuja wengi kuliko Namkunda alivyotarajia. Karibu kila nyumba Kwesanga ilikuwa imewahi kunywa maji yaliyopita mikononi mwa mtu yule. Nambike, binti yao, alikuja kutoka mbali, akakaa wiki moja. Mwanaidi alikuja kukichukua kisanduku. Aliuliza kama familia inataka kuhifadhi kumbukumbu za mawimbi, kwa kuwa ni haki yao. Namkunda akamwambia azifute zote. Walishikana mikono mlangoni, hawakuachiana upesi.

Jumapili akaenda kanisani kama kawaida, akakaa kwenye benchi lake la akina mama. Wakati wa maombi ya kimya ulipofika alipiga magoti. Alikuwa na orodha, kama alivyokuwa nayo Jumapili zote za maisha yake: Nambike na safari yake, magoti yake mwenyewe, mvua, Mchungaji Senkoro aliyeitwa na wakubwa wake kujieleza, Mwanaidi apate mume mwema. Alifungua mdomo aanze.

Hakusikia kitu. Ilikuwa sakafu tu, ileile, baridi. Kulia kwake na kushoto kwake wanawake walikuwa wakinong'ona mahitaji yao, benchi baada ya benchi hadi nyuma kabisa, kila mmoja na lake, na akawaza juu ya makanisa yote na misikiti yote ya milima ile, na nchi zilizo ng'ambo ya milima, na minong'ono yote ile ikipanda kwa wakati mmoja kwenda kwa mmoja.

Akaiacha orodha yake. Akainamisha kichwa, na kwa sauti ndogo ya mke anayempokea mtu aliyerudi nyumbani, akasema:

"Pole na kazi."